Plastiki nayo ina fundi

Kwa miaka mingi ufundi wa bodi katika gereji za Kamembe, magharibi mwa Rwanda, ulikuwa ufundi wa chuma. Gari likigongwa, bati lilinyooshwa kwa nyundo, likachomelewa kwa gesi, likajazwa mastiki, likapigwa msasa na kupakwa rangi. Volkswagen za mgongo wa kobe, Renault 4 na Peugeot 504 za zama za mkoa wa Cyangugu zilikuwa na bampa za chuma, na hata Vespa, ndogo kuliko zote hizo, tangu 1946 bodi yake ni bati lililokandamizwa. Aliyekijua chuma alihesabiwa kuwa amemaliza masomo. Ninaikumbuka heshima aliyokuwa nayo fundi huyo, na ninakumbuka ilivyoyumba plastiki ilipoingia, maana nyundo haikumsaidia kitu mbele ya kava iliyopasuka vipande vitatu. Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo wengi wanalishikilia hadi leo: plastiki ikivunjika imekwisha, na anayeitengeneza anaficha aibu tu. Mimi naona neno hilo lilitokana na kazi mbovu ya kipindi kimoja, kipindi ambacho mafundi walikuwa hawajajua wanachokishika mkononi. Plastiki yenyewe imesingiziwa.

Ilikuwa imeanza safari yake mbali na hapa. Honda iliitumia kwenye Super Cub ya 1958, katika ngao ya kukinga miguu ya mpandaji. Citroën ilitoa Méhari mwaka 1968 yenye bodi ya plastiki ya ABS, na Renault 5 ya 1972 ikaja na bampa za plastiki wakati magari mengi ya Ulaya yangali yanang'aa chuma mbele na nyuma. Kwetu iliingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni Corolla na Carina zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Wa pili, ulio mpana zaidi, ni pikipiki za TVS na Bajaj kutoka India, ambazo ziliendelea kuongezeka baada ya mkoa wa Cyangugu kuvunjwa na wilaya ya Rusizi kuundwa mwaka 2006. Katika pikipiki hizo tangi lilibaki la chuma, lakini kava za ubavuni, kichwa kinachoshika taa, mkia na mara nyingi madigadi ya mbele vikawa plastiki. Tuseme haki: ni nyepesi, ikibonyea kidogo inarudi, na haishiki kutu, jambo kubwa katika mji wa ziwani wenye mvua kama wetu.

Mafundi wa mwanzo waliitibu kwa kile walichokuwa nacho. Walitoboa matundu pande zote mbili za ufa wakashona kwa waya wa shaba. Walimimina supaglu na kunyunyiza majivu au vumbi la saruji juu yake ili igande upesi. Waliposikia kwamba plastiki huyeyushwa, walikata vipande vya bidoni la njano la mafuta ya kupikia, wakapasha chuma motoni na kuupaka uji ule juu ya ufa, kisha mastiki, kisha rangi. Siku ya kwanza kazi ilipendeza macho. Baada ya wiki chache za mashimo na mawe ilifunguka, na mara nyingi ilifunguka vibaya kuliko mwanzo, kwa kuwa kila tundu la waya lilikuwa mwanzo wa ufa mpya. Sababu zinaeleweka. Bidoni la mafuta ni polithini, bampa nyingi ni polipropilini. Zikiwa za moto zinaonekana kushikana, zikipoa zinaachana, hata ukucha unatosha kuzibandua. Supaglu hushika ABS kiasi, lakini juu ya polipropilini tupu haina pa kushika. Mastiki ya bati ilikosea kwa njia nyingine. Polipropilini hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma, na wilaya hii haina hali moja ya hewa: gari linalotoka Nyungwe, juu ya mita 2,000, kwenye ukungu na baridi, likateremka hadi Bugarama, karibu na mita 950 za mto Rusizi ambazo ndizo chini kabisa katika Rwanda nzima, limetembea kutoka baridi hadi joto kali katika siku moja. Bampa inatanuka na kusinyaa, mastiki iliyokauka kama jiwe haiwezi kuifuata. Hakuna fundi aliyekosa bidii hapo. Lililokosekana ni swali la awali: hii ni plastiki gani?

Jibu lilikuwa limeandikwa nyuma ya kipande muda wote. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wamefuata kanuni ya kimataifa ya kupiga chapa ya herufi upande wa ndani: PP kwa polipropilini, PP+EPDM kwa ile iliyochanganywa na mpira iwe laini zaidi kama katika bampa, ABS kwa ile ngumu inayopendwa kwa kava. Ninahesabu mageuzi ya kazi hii tangu mafundi walipoanza kugeuza kipande na kusoma mgongo wake, si tangu vifaa vya umeme vilipofika. Na pale chapa ilipofutika, au kipande ni cha kuiga kisicho na herufi, kuna vipimo visivyogharimu chochote. Chembe ya polipropilini huelea majini, ya ABS huzama. Ukiichoma, polipropilini hunuka kama mshumaa uliozimwa, ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi. Tone la asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, hulainisha ABS hadi inanata, na haliigusi polipropilini hata kidogo. Jamii ikishajulikana, tiba inajulikana. Vipande vya kava kuukuu ya ABS vikilowekwa katika asetoni usiku kucha vinakuwa uji ambao ukikauka ni ABS ileile, umeshikana na kava kama mwili wake. Bampa ya polipropilini inataka polipropilini, nayo imejaa mitaani: kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, kile cha kwenye baa na harusi, ni polipropilini, na vipande vyembamba vilivyokatwa kwake vinaingia kwenye bampa vizuri. Kipande kutoka bampa nyingine iliyokufa ni bora zaidi, maana kina ulaini uleule. Bodi za nyuzi za kioo ni jamii ya tatu, haziyeyuki kabisa. Hizo zinahitaji utomvu wa viwandani na kitambaa chake, na kuzipitishia chuma cha moto ni kuziunguza.

Kazi yenyewe inafuata mpango. Kwanza tundu dogo la keekee linatobolewa kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa. Kisha ufa unachongwa mfereji kwa upande wa nyuma, wavu mwembamba wa chuma unazamishwa kwa chuma cha moto, na plastiki ya jamii moja inayeyushwa juu yake. Mbele hufuata baadaye, kwa uangalifu, kwa sababu polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 na ikizidishiwa moto inageuka kahawia na kupoteza nguvu. Wavu ule, tukiutazama vizuri, ni mjukuu wa waya wa shaba. Wale waliokuwa wakishona waliona kweli kwamba ufa unahitaji mfupa ndani yake.

Kuna wanaosema haya yote ni kupoteza muda, kipande kipya kinauzwa. Kinauzwa, lakini wapi? Kipande kilichotengenezwa India kinashuka Dar es Salaam, kinasafiri kwa lori karibu kilomita 1,500 hadi Kigali, halafu zaidi ya 200 kupitia Huye na Nyungwe ndipo kifike Kamembe, na kila mkono uliokipokea umeongeza bei. Bukavu, upande wa Kongo, iko ng'ambo tu ya daraja, ni kweli, lakini spea zake nazo zimesafiri mbali, na ukizivusha kuna ushuru. Siku ambazo pikipiki inasubiri spea, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hali. Pingamizi la pili ni zito zaidi, la usalama, na hili silipuuzi. Katika gari, ile plastiki ya nje ni ngozi tu, mapigo hupokelewa na boriti ya chuma iliyo nyuma yake. Kuunga ngozi hakupunguzi kinga, ila fundi anayefunga ngozi nzuri juu ya boriti iliyopinda amemdanganya mteja. Madigadi ya mbele ya pikipiki ni hatari ya namna yake: ikilegea inaweza kunasa gurudumu likiwa kwenye mwendo, kwa hiyo ikipasuka kwenye matundu ya skrubu mimi ningeshauri ibadilishwe, hata kama fundi ni hodari. Kava ya ubavuni na mkia havina deni hilo. Wengine wanataja moshi, nao wana haki. ABS inayochomwa hutoa mvuke unaodhuru mapafu, na kazi hii haifai kufanywa ndani ya chumba kilichofungwa, wala kijana anayejifunza asiachwe kuuvuta siku nzima.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikaongeza vyombo vya kutumia mara moja mwaka 2019, na mwaka 2022 ilikuwa, pamoja na Peru, mbele ya azimio lililopitishwa Nairobi la kuanza kutafuta mkataba wa dunia juu ya plastiki. Ninajivunia hayo. Lakini sheria ya mfuko haiigusi bampa, na bampa moja iliyotupwa bondeni ina plastiki ya mifuko mingi. Pikipiki za umeme zinakuja: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali zinatakiwa ziwe za umeme, nazo zimevaa plastiki. Shule za ufundi zinazofundisha kuchomelea chuma ziongeze somo la plastiki. Linahitaji beseni la maji, kiberiti, chupa ya asetoni na mkusanyiko wa vipande vyenye chapa, na mwanafunzi anaweza kuzijua jamii zote kubwa kwa siku chache. Nawe mwenye chombo, ukipeleka kava au bampa kutengenezwa, usiulize kwanza rangi itafanana vipi. Muulize fundi ni plastiki gani na ataunga kwa plastiki gani, na umwombe akuonyeshe upande wa nyuma kabla hajaufunga.