Wiki mbili za ndimu, miezi mitatu ya chipsi

Jamani, hivi nani aliwaambia kina dada wa mjini kwamba ndimu inayeyusha kitambi? Msimu wa harusi ukikaribia, ofisini kwetu utawaona: asubuhi maji ya vuguvugu na ndimu, mchana tango, usiku kulala na njaa. Rafiki yangu mmoja alikwenda hivyo wiki mbili ili gauni la kichenpati limkae. Likamkaa kweli, na picha zikatoka bomba. Miezi mitatu baadaye, zipu ya gauni lilelile iligoma katikati ya mgongo.

Msimcheke (na wewe kaka mwenye kitambi cha bia, hasa wewe, usimcheke). Njaa ina kisasi. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, karibu nusu ya walichozoea, kwa miezi kama sita. Watu wazima wakawa wanaota chakula na kusoma vitabu vya mapishi kama magazeti. Waliporuhusiwa kula, walifukia kama hawana akili nzuri. Sasa dada wa watu na tango lake angeshindaje?

Mimi ndimu haikunipata, tena si kwa ujanja wangu. Mama yangu ana kisukari, na mwaka 2019 alikatwa kidole kimoja cha mguu. Nilikuwa nikimsindikiza kliniki, ndipo nesi akatuchorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo samaki, nyama au maharage. Mama akauliza kwa woga, "Kwa hiyo mwanangu, ugali ndiyo basi tena?" Nesi akacheka: "Basi vipi, mama, na wewe umetoka Mwanza?"

Siku ileile nikaanza kula sahani ya mama. Tembele, dagaa, ugali wa dona, vyote vya sokoni. Soda ikawa ya sherehe tu, maana kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko vidogo kama tisa. Nani anatia vijiko tisa kwenye chai? Chipsi mayai sikuziacha ng'o. Zina siku yake, Ijumaa, na nazila kwa raha zangu bila kujificha.

Aliyenisumbua ni mama ntilie. Nilipomwambia, "Wali nusu, mchicha ongeza," akaniinamia sikioni: "Dada, hela imekata? Kula tu, utalipa mwisho wa mwezi." Ilinichukua wiki nzima kumwelewesha.

Lakini kazi kubwa iko kwa ndugu. Kwetu kukonda ni habari mbaya. Ukipungua kidogo tu utasikia, "Vipi, unaumwa?" au "Huko mjini hamli?" Shangazi yangu yeye haulizi, anapakua. Mlima wa pilau! Kukataa chakula chake ni kumtukana, na mimi sina ubavu huo. Nimegundua dawa: naanza na kachumbari, natafuna taratibu, napiga soga. Shangazi anamwongezea anayemaliza haraka. Mwenye chakula kwenye sahani humwacha.

Kwa mwendo huo nimepungua kilo tisa kwa miaka miwili. Ndiyo, miwili, wala sikuona sababu ya kukimbia. Hakuna aliyenipigia makofi, na nguo nilizipeleka kwa fundi moja moja.

Mama naye dawa zake hakosi, na vidole vyake tisa vilivyobaki vyote vipo. Ana lalamiko moja tu: eti tembele nalipika bila nazi.