Bei ya Mandolini Isiyo na Jina

Mali ya marehemu ikiuzwa kwa bei ya kutupa, wanaopunjwa ni warithi wake. Hilo tulilitafakari, sisi mke na mume, tulipokwenda kwa mjane mmoja wa mtaani kwetu, hapa Unguja, aliyekuwa akiuza mandolini kuukuu ya marehemu mumewe. Eda ilikwisha, deni la marehemu lilikuwa bado, na watoto wawili wangali wadogo.

Kijana wetu anajifunza fidla, na mandolini hulinganishwa kwa sauti zile zile za fidla. Ndiyo maana tuliitaka. Khitilafu za wanazuoni juu ya ala za muziki tunazijua, na hapa si mahali pa kuziamua. Neno letu ni juu ya haki baina ya muuzaji na mnunuzi.

Mama huyo alitaja shilingi 60,000. “Haina hata jina la aliyeitengeneza, wanangu. Chukueni tu.” Kweli, ndani ya tundu hamkuwa na karatasi ya karakana. Mandolini nyingi za mgongo wa mviringo zilitengenezwa Napoli na Catania, nchini Italia, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na si zote zilizotiwa jina. Ala ya namna hiyo hupimwa kwa hali yake yenyewe.

Tulimwomba ruhusa tumlete fundi, akaikagua mbele yake na mbele ya mwanawe mkubwa. Shingo ilikuwa imenyooka. Ubao wa mbele ulikuwa na mpasuko mdogo, na mbao mbili za mgongo zilikuwa zimeachana. Fundi alikadiria kwamba ikitengenezwa itafika shilingi 250,000, na matengenezo pamoja na nyuzi yatachukua 90,000. Tukatoa 160,000. Mama alisita, akidhani tunamstahi kwa sadaka. “Hii si sadaka, mama,” tulimwambia. “Ni haki yako na ya mayatima.”

Matengenezo yalichukua wiki mbili. Baada ya gundi kukauka, fundi alishughulikia daraja, ambalo katika mandolini halibandikwi, bali hushikiliwa na mkazo wa nyuzi. Urefu wa nyuzi ulikuwa sentimita 33, hivyo kichuma cha kumi na mbili cha shingoni kilipaswa kuangukia nusu yake, yaani sentimita 16.5. Kisha akalirudisha daraja nyuma kidogo kidogo, akisikiliza, hadi sauti zikakaa sawa. Nyuzi nane, jozi nne, alizichagua nyembamba, kwani shingo za ala hizo za kale hazikutiwa chuma cha kuziimarisha. Nyuzi nene huipinda shingo na kuudidimiza ubao.

Wapo jamaa waliotuuliza kwa nini tulilipa zaidi ya tulivyoombwa. Jibu letu ni kwamba muuzaji analazimika kuitaja aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi aliyeijua thamani naye asijifiche nyuma ya ujinga wa mwenziwe, hasa katika mali yenye sehemu ya watoto. Familia zinazouza vitu vya marehemu nazo zimwite fundi kwanza, kabla ya kumwita mnunuzi.

Kwa fedha zile deni la marehemu lilimalizika, na salio, japo dogo, liliingia katika mirathi: mjane akapata thumni yake, na watoto mafungu yao.