Shairi la Mji Usiosomeka

Neno ustaarabu lilitukawiza siku mbili. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa amepewa mradi wa somo la historia juu ya watu wa kale waliokaa katika bonde la mto, naye akauchagua Mto Indus, ambao sehemu kubwa ya bonde lake leo imo nchini Pakistani. Kazi yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Lakini alijua kuwa siku ya maonesho bibi yake angekuwapo, na hakutaka bibi asimame kama mgeni mbele ya kazi ya mjukuu wake. Akaazimia kuweka maelezo ya Kiswahili pembeni, ndipo akanijia.

"Mjomba," aliniuliza, "ustaarabu si kuwa kama Waarabu? Mbona hawa waliishi zamani kuliko hilo?"

Swali lilikuwa na haki yake. Neno hilo tumelipata katika Kiarabu, na asili yake kweli ni kufanana na Mwarabu. Nikamwonesha mwenzake, utamaduni, ambalo nalo ni la Kiarabu, ila ukoo wake ni mmoja na madina, yaani mji. Sisi tumelizoea kwa maana ya mila, ngoma na mavazi. Katika mzizi wake limo wazo la watu kukaa mjini. Na watu wa Indus walikuwa wenye miji hasa. Akalichagua hilo, akaliandika juu ya bango lake kwa herufi kubwa.

Mengine yalikuja kwa wepesi. Harappa na Mohenjo-daro zilistawi baina ya mwaka 2600 na 1900 K.K. Kulikuwa na visima, mifereji ya maji machafu iliyofunikwa, na birika kubwa la kuogea lenye urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 7. Tofali zao zilifuata kipimo kimoja: unene 1, upana 2, urefu 4, hata katika miji iliyotengana kwa mamia ya kilomita. Nilipomwambia kuwa hiyo ni mizani kama ya ushairi, alicheka, lakini akaiandika. Aliandika pia kwamba katika miaka ya 1850 wajenzi wa reli walizichukua tofali za Harappa wakatandika njia ya treni, na kwamba uchimbaji wa kitaalamu ulianza pale mwaka 1921 chini ya Daya Ram Sahni. Mwaka 1924 John Marshall akautangazia ulimwengu habari ya utamaduni huo.

Tulikwama tulipofika kwenye maandishi. Watu hawa waliacha maelfu ya maandishi mafupi, mengi yakiwa juu ya mihuri midogo ya jiwe: mnyama chini, alama chache juu yake. Alama zenyewe zinakadiriwa kuwa 400 hivi, na andiko la kawaida lina kama alama tano tu. Maandishi ya Misri yalifumbuliwa kwa msaada wa jiwe la Rosetta, lililobeba matini moja kwa Kimisri na kwa Kiyunani. Lilipatikana mwaka 1799, na Champollion akatangaza ufumbuzi wake mwaka 1822. Indus halijapatikana jiwe la namna hiyo. Lugha haijulikani, na wapo wataalamu wanaoshuku kama alama zile ni maandishi ya lugha yoyote.

Rafiki yake aliyechagua Mesopotamia alikuwa na Enheduanna, binti wa mfalme Sargon na kuhani wa mungu wa mwezi katika mji wa Ur, anayehesabiwa kuwa mshairi wa kwanza anayejulikana kwa jina. Mpwa wangu akaona bango lake limepungukiwa. "Mjomba, wewe ni mshairi. Nitungie shairi lao."

Nilikataa, na nilidaiwa sababu. Ni kweli sisi watunzi huwasemea wengine kila siku: mvuvi, bibi harusi, hata punda. Lakini punda wetu twamjua. Tumesikia anavyotukanwa na anavyobembelezwa, na maneno hayo ndiyo tunayomtilia kinywani. Mtu wa Mohenjo-daro hatujui aliapa kwa nini, alimwitaje mama yake, wala alipojikwaa alisema nini. Shairi ambalo ningelitunga kwa jina lake lingekuwa langu tangu herufi ya kwanza, na watoto wa shule wangelichukua kuwa lake.

Nikamtolea mfano wa nyumbani. Hati zetu za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika mwandiko ule wa zamani e na i mara nyingi hazikutofautishwa, wala o na u. Anayesoma hati hiyo huongozwa na lugha iliyomo kichwani mwake. Wino humpa nusu, na nusu huileta mwenyewe. Pale Indus ile nusu ya msomaji ilikufa pamoja na wasemaji. Wa kwetu bado wapo, ingawa ni wazee, na hati nyingine zingali sandukuni.

Msaada ulitoka katika mradi wa yule rafiki. Huko Mesopotamia kulikuwa na mtu aitwaye Shu-ilishu, ambaye muhuri wake umehifadhiwa Louvre, Paris. Muhuri huo wamtaja kuwa mkalimani wa lugha ya Meluhha, na wataalamu wengi wanaamini kuwa Meluhha ndiyo nchi ya Indus. Sargon mwenyewe alijisifu kwamba vyombo vya Meluhha vilifunga katika gati la mji wake wa Akkad. Basi palikuwa na mtu aliyeisikia lugha ile na kuielewa, na jina lake tunalo. Huyo ningeweza kumsemesha bila kumzulia neno:

Mkalimani nambie, walisemaje wa mji,
Neno moja nisikie, nipoze kiu ya maji,
Muhuri niangalie, haujibu mhitaji,
Basi usinizuie, nawe ndiwe msemaji.

Mpwa wangu aliunakili chini ya picha ya muhuri. Juu yake alichora alama tano, mbele akaandika "Tafsiri" na nukta mbili, kisha akaacha mstari mtupu.

Katika ada yetu ubeti wa kuuliza hudai ubeti wa kujibu, na jibu la huu sijalipata. Malenga atakayependa kumjibia Shu-ilishu namkaribisha, kwa sharti lile lile nililojiwekea: amseme mkalimani, asiwaseme wale ambao lugha yao hakuisikia.