Vazi la Sauli na Mkono wa Mama Mchungaji



Kwa miezi kadhaa sasa nimepokea swali moja kwa njia nyingi. Wengine mmeniandikia meseji, wengine mmenivuta kando baada ya ibada, na ndugu mmoja jasiri aliniuliza mbele ya wazee tukinywa chai: "Pasta, hiyo soksi ya mkono ambayo Mama Mchungaji huvaa kila Jumapili ni ya nini? Na mbona tusimwombee aivue?" Nimeongea na mwenyewe nyumbani, amenipa ruhusa niandike, na amesoma kila mstari kabla sijauweka hapa. Kwa hivyo leo sitahubiri sana. Leo nitaeleza.

Wengi wenu mnajua alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, maana ni nyinyi mliofunga na kuomba, mkapika, mkakesha naye wodini kwa zamu. Jambo ambalo hatukulitangaza ni kwamba madaktari walipotoa ule uvimbe walitoa pia tezi za kwapani, kisha akapewa tiba ya mionzi upande huo wa kushoto. Saratani ikaondoka. Tukatoa ushuhuda, mkapiga vigelegele. Halafu, kama mwaka mmoja na nusu baadaye, pete yake ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta, mwishowe sonara akaikata kwa msumeno mdogo. Baada ya wiki chache mkono wote ulikuwa umefura kuanzia kiganja hadi karibu na bega, mzito kama mtu aliyebeba ndoo ambayo haiwezi kutuliwa.

Ugonjwa huo unaitwa limfedema. Mbali na damu, mwili una maji mengine yanaitwa limfu. Yanavuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, yanalowesha nyama za mwili, kisha yanakusanywa na mishipa yake yenyewe, yanapita kwenye tezi na kurudishwa ndani ya damu karibu na shingo. Moyo hausukumi limfu kama unavyosukuma damu. Limfu inategemea misuli ikitembea, pumzi ikiingia na kutoka, na mishipa yake kujikunja polepole. Ukiondoa tezi za kwapani, au mionzi ikizichoma, ni kama barabara imefungwa na hakuna aliyeweka kibao cha njia mbadala. Maji yanasimama, nayo yana protini ndani yake. Yakikaa muda mrefu ngozi inakuwa nene na ngumu. Ndiyo maana vidonge vya kukojoza maji peke yake havimalizi tatizo hili: maji yanapungua, protini inabaki na kuyavuta tena.

Ndugu zetu wa Pwani wanaijua hali hii kwa jina lingine. Kule Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu kuna matende, ambapo minyoo midogo inayoletwa na mbu huharibu mishipa hiyo hiyo ya limfu na mguu ukafura. Nasema hili kwa sababu kila mwaka naletewa mtu mwenye mguu mmoja mkubwa, na familia imeshaamua ni jirani aliyemroga. Mpendwa, ni mbu. Mwache jirani.

Sasa tuje kwa lile vazi.

Mama alipoambiwa anahitaji vazi la kubana alienda duka moja la vifaa vya hospitali mjini. Mhudumu aliutazama mkono, hakuupima, akasema, "Mama, wewe ni saizi kubwa," akampa kifurushi. Bei ilikaribia karo ya muhula ya kifungua mimba wetu. Alivaa siku nne. Juu, karibu na kwapa, palikuwa panajikunja na kukata kama kamba. Kwenye kiwiko palikuwa na mikunjo iliyoacha alama nyekundu. Na kwa kuwa vazi lilikuwa linaishia kwenye kifundo cha mkono, maji yote yalisukumwa kwenye kiganja, vidole vikawa kama ndizi mbivu. Usiku alikuwa analia. Jumapili hiyo wengine mlidhani ameguswa katika sifa, kumbe ni maumivu.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Daudi. Sisi wahubiri tunaipenda sana sura ya kumi na saba ya Samweli wa Kwanza. Sauli anamvika Daudi mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na deraya, Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anavivua. Kwa kawaida tunahubiri kwamba usitumie silaha za mtu mwingine, tunasonga mbele kwenye jiwe na Goliathi. Lakini Maandiko hayasemi kwamba vile vifaa vilikuwa vibaya. Vilikuwa vya mfalme! Katika Israeli nzima huenda hakukuwa na deraya nzuri kuliko hiyo. Shida ilikuwa kipimo. Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote kuanzia mabegani kwenda juu, na yule alikuwa kijana wa kuchunga kondoo. Kitu kizuri, cha bei ghali, kilichotolewa kwa moyo mwema, na bado kingemuua kijana bondeni.

Tulimpata mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea mambo ya limfu, dada mpole lakini mkali kwa kazi. Siku ya kwanza alikataa kabisa kupima. Alisema mkono uliofura haupimwi vazi, kwa sababu utapima ugonjwa badala ya kupima mkono. Kwanza upunguzwe. Kwa wiki tatu alimfanyia masaji nyepesi ya kusukuma limfu kuelekea njia zilizo wazi, akamfunga bendeji za tabaka juu ya tabaka, si zile za kunyumbuka sana ambazo tunafungia kifundo kilichoteguka, bali zile zisizovutika sana, na akamfundisha mazoezi ya kufanya akiwa amefungwa. Nyumba yetu ilijaa bendeji kwenye kamba kama kambi ya msalaba mwekundu. Lakini mkono ulishuka. Mimi niliuona ukishuka.

Ndipo siku moja asubuhi, bendeji zikiwa zimetolewa dakika hiyo hiyo, akachukua utepe. Kwa nini asubuhi? Kwa sababu jioni mkono umeshakusanya maji ya siku nzima. Aliweka alama za kalamu kwenye ngozi: kifundo cha mkono, katikati ya mkono wa chini, kiwiko, katikati ya mkono wa juu, na karibu na kwapa. Kila alama akazungusha utepe, ukigusa ngozi bila kuivuta. Kisha akapima urefu kutoka alama hadi alama. Kisha kiganja, na kila kidole peke yake. Fundi wa sare za kwaya yetu hatufanyii hata nusu ya hayo, na ndiyo sababu mnaonekana jinsi mnavyoonekana. (Kwaya, mnisamehe.)

Vazi lililoagizwa lilikuwa la aina ya kufumwa bapa. Nimejifunza kuna aina mbili kubwa. Moja hufumwa kwa mviringo, haina mshono, ni nyepesi na inapendeza, nayo inafaa mkono ambao umefura kidogo na bado una umbo lake. Nyingine hufumwa kama kitambaa bapa, fundi akiongeza na kupunguza nyuzi kufuata vipimo vya mtu, kisha hushonwa upande mmoja. Hiyo ni nene zaidi, haizami kwenye mikunjo ya ngozi, na haikati. Kanzu ya Bwana haikuwa na mshono, lakini kwa mkono wa mke wangu mshono umekuwa baraka.

Jambo lingine ni kiasi cha kubana. Kinapimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha. Ya Mama ni kati ya 20 na 30. Miguu mara nyingi huhitaji 30 hadi 40, wakati mwingine zaidi. Msidhani ukibana zaidi unapona zaidi. Si spika ya kanisa kwamba tunaongeza tu. Na kubana hakulingani kila mahali: chini kabisa, kwenye kifundo, ndipo pana nguvu zaidi, kisha kunalegea kuelekea juu ili maji yapande. Kuna mhandisi anaitwa Conrad Jobst, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo kule Marekani, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na mishipa ya miguu. Aligundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea miguu inapata nafuu, kwa sababu maji hubana zaidi kadiri yanavyokwenda kina. Akakaa chini akafikiria jinsi ya kuvaa bwawa, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwa ametengeneza soksi zinazofanya hivyo. Mimi namshukuru Mungu kwa watu wanaofikiri wakiwa majini.

Wengi mmeuliza utajuaje kwamba vazi limekukaa vizuri. Mama anasema hivi: unalisikia limekukumbatia kila mahali, lakini baada ya muda unasahau kwamba umelivaa. Vidole visibadilike rangi, visife ganzi, visifure. Lisiteleze kushuka, na likiteleza usikunje ncha ya juu, kwa maana ukunjo huo unabana mara mbili na unafunga mkono kama kamba. Kama mkono unafura chini ya mahali vazi linapoishia, unahitaji glavu yake pia. Likiwa limelegea mpaka unaliingia kama sweta, halikusaidii chochote.

Na tafadhali, zile soksi za kubana za mtumba muache. Najua zinapatikana, najua bei inavutia, na mimi mwenyewe suti zangu mnajua zinakotoka. Lakini nguvu ya vazi hili iko kwenye nyuzi zake, na hata jipya, likivaliwa kila siku, huchoka baada ya kama miezi sita. La mtumba limechoka tayari, na lilikatwa kwa mguu wa mtu ambaye hujawahi kumwona.

Hiyo miezi sita inaumiza mfuko, sifichi. Tena zinatakiwa mbili, moja ivaliwe nyingine ikikauka, kwa sababu hufuliwa kila siku kwa mkono, sabuni isiyo kali, bila jiki, na kuanikwa kivulini. Na kila mara ya kuagiza upimwe upya. Hana alimshonea Samweli joho dogo kila mwaka akampelekea hekaluni. Kila mwaka! Mama yule hakutumia kipimo cha mwaka uliopita, mtoto alikuwa amekua. Mwili unaongezeka, unapungua. Ule utepe unarudi.

Sasa lile swali la kuivua.

Mungu anaponya. Nimeyaona kwa macho yangu na nitaendelea kuwekea wagonjwa mikono. Lakini kuna dada mmoja, si wa hapa kwetu, aliyeambiwa katika mkutano avue vazi lake madhabahuni kama ishara ya imani. Alilivua, watu wakashangilia, likabaki pale. Mkono ulirudi kufura, akaona haya kurudi kwa mtaalamu, akaona haya kurudi kanisani, akakaa nyumbani amejifunika leso miezi mingi. Alipokuja kwetu ngozi ilikuwa imekuwa ngumu, na alikuwa ameshalazwa mara mbili kwa maambukizi. Limfu ikisimama, mkwaruzo mdogo wa kisu cha kukatia sukuma unatosha kuleta hatari. Mkono ukiwa moto, mwekundu, una homa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, na vazi halivaliwi mpaka daktari aseme.

Kwa hivyo sitamwambia mke wangu avue, na sitamwambia mtu yeyote wa kanisa hili avue. Wale wenye ukoma kumi, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kukagua ngozi. Ukiponywa, twende pamoja kwa yule dada mwenye utepe, apime, tusome namba, halafu nitashika maiki mimi mwenyewe.

Pia msivae tu kwa sababu mmesoma hapa. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni, mwenye moyo unaoshindwa kazi, mwenye kisukari ambaye nyayo hazisikii tena, aanze kwa daktari. Kubana kunaweza kumdhuru.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili Mama Mchungaji atakaa na akina mama katika chumba cha watoto, mlango umefungwa. Hatapima mtu, hiyo si kazi yake. Ataonyesha jinsi anavyovaa asubuhi ngozi ikiwa kavu, maana mafuta anapaka usiku akishavua, na jinsi glavu za mpira za kuoshea vyombo zinavyosaidia kupandisha kitambaa bila kukivuta kucha. Mje na glavu zenu. Akina baba wenye miguu, mnitafute ofisini, namba ya mtaalamu ninayo.