Baraza Iliyo Juu ya Paa

Nyumba ya Kiswahili haiishii mlangoni. Mbele ya mlango mna baraza, na hapo ndipo watu hukutana jioni: mwenye nyumba, jirani zake, na mpita njia ambaye hawezi kupita kimya bila kuonekana hana adabu. Aketiye barazani huona, naye huonekana. Sisi tulio walimu, ambao kwa miaka thelathini na zaidi tulifundisha watoto kumwamkia mkubwa popote wamwonapo, tuliyachukua mambo hayo kuwa hayahitaji maelezo. Yalianza kuhitaji maelezo siku tulipoalikwa kwenda kuketi juu ya paa.

Tulikuwa walimu wastaafu wanne. Mmoja wetu alikuwa ametimiza miaka sabini, na binti yake, ambaye ni mhasibu mjini Dar es Salaam, alitaka kumfurahisha. Akasema atatupeleka sote kwenye baa iliyo juu ya paa la hoteli moja huko Kivukoni, mahali ambapo bandari na mji huonekana. Mwenzetu mmoja, ambaye hagusi pombe kwa sababu ya dini yake, aliuliza kama huko kuna chai. Alijibiwa kwamba huenda ipo, lakini watu hawaendi kwa ajili ya chai. Hata hivyo alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Nasi wengine tulivaa makoti yetu ya siku za mahafali.

Lifti ilipofunguka, upepo wa bahari ulitupokea kabla ya mtu yeyote. Chini yetu ilikuwa bandari, na kwa mara ya kwanza tuliifahamu. Tuliwahi kuichora ubaoni kwa chaki mara nyingi, mkono ukikosea; sasa tuliiona ramani yenyewe: mlango mwembamba wa maji, kisha ghuba pana iliyotulia, imefichwa na nchi kavu kila upande. Twajua kwamba Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, na kwamba Wajerumani walihamishia hapa makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Hayo tulikuwa tukiyasomesha kama tarehe tu. Kutoka juu paani mtu haulizi tena kwa nini waliipenda bandari hii. Paa jekundu la kanisa la Azania Front lilikuwa karibu, na mnara wa Mtakatifu Yosefu. Na Boma la Kale, ambalo ukisimama mbele yake hukutisha kwa unene wa kuta zake za mawe ya matumbawe, lilikuwa kama kibweta kilichosahauliwa kati ya maghorofa. Nyuma yetu mji ulikwenda hadi macho yakachoka. Sensa ya mwaka 1967, tulipokuwa watoto, ilihesabu hapa watu wasiotimia laki tatu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu zaidi ya milioni tano.

Palikuwa pazuri, wala hatutaki msomaji adhani kwamba wazee hukasirikia kila kipya. Lakini jambo fulani lilitusumbua, na ilichukua muda kulipatia jina. Mji ule haukuwa na sauti. Pantoni ilikuwa ikivuka kwenda Kigamboni imejaa watu. Twaijua pantoni ile: wachuuzi wanaopazana sauti, harufu ya samaki kutoka soko la Feri, mtu anayekukanyaga kisha akakuomba radhi, mkawa marafiki hadi ng'ambo. Kutoka juu hatukuona mtu hata mmoja. Tuliona rangi za nguo tu, zimekusanyika. Meza za baa nazo zilielekezwa nje, hata wageni wakawa wamepeana migongo, kila mmoja akipiga picha kwa simu yake. (Nasi tulipiga.)

Kisha ikaja orodha ya vinywaji. Kokteli, kwa wasiozijua, ni pombe kali iliyochanganywa na maji ya matunda, sukari na barafu, ikatikiswa kwa mbwembwe. Tulipiga hesabu tukaona kwamba bei ya bilauri moja ingemvusha mtu kwa pantoni, kwenda na kurudi, mwezi mzima. Mwenzetu mmoja ni mwenyeji wa Uchagani. Alitueleza kwamba mbege nayo ni mchanganyiko, wa ndizi zilizoiva na kimea cha ulezi, lakini huzungushwa katika kibuyu kimoja, na mwenye pombe huonja kwanza ili mgeni ainywe bila shaka. "Hapa nani ataonja?" akauliza. Tulicheka, na binti akatazama pembeni kidogo.

Kijana aliyetuhudumia alivaa shati jeupe na kizibao cheusi. Alitukaribisha kwa Kiingereza, nasi, kwa unyonge ambao hata sasa twauonea haya, tukamjibu kwa Kiingereza. Na wawili kati yetu walikuwa walimu wa Kiswahili! Aliporudi na sinia alisimama, akatutazama, akaliweka sinia mezani, akainama.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba," tulijibu kwa pamoja, kama darasa.

Akamgeukia mwenye siku yake. "Mwalimu, hunikumbuki. Ulinifundisha Kiswahili kidato cha pili. Nilikuwa nakaa nyuma."

Mwenzetu alijaribu kukumbuka, asiweze. Kijana akasema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba aliacha shule kidato cha tatu kwa kukosa ada, na kwamba mwalimu ndiye aliyesoma majina asubuhi ile mstarini. Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka 2016, ada ilipofutwa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Kila mmoja wetu amepata kusoma orodha kama ile. Huisoma mtu haraka, bila kuinua macho, ili asiwaone wanaotoka.

"Ni kweli, ni mimi niliyesoma," alisema mwenzetu. Hakuongeza kwamba aliagizwa, ingawa aliagizwa.

"Nilijua tu ni wewe, kwa sauti," kijana akasema. Akagawa bilauri, akamletea mwenzetu wa kanzu chai ya tangawizi, na kazi yake ilipopungua akarudi kusimama kando ya kiti cha mwalimu wake. Jua lilikuwa likizama upande wa mjini, na maji ya bandari yamekuwa meusi. Akanyoosha kidole ng'ambo ya pili, pale taa za Kigamboni zilipoanza kuwaka. "Mama yangu yuko pale pantoni inapofunga. Anauza maandazi hadi usiku. Huwezi kumwona, lakini yupo."

Tuliitazama ile taa, au taa tuliyodhani ndiyo, kwa muda mrefu kuliko tulivyotazama kitu kingine chochote jioni ile. Mwenzetu aliacha bilauri yake nusu.

Mmoja wetu hukaa Kigamboni, hivyo tukamsindikiza sote. Ndani ya pantoni tulikanyagwa, tukaombwa radhi. Tulijaribu kuitafuta ile hoteli nyuma yetu, lakini maghorofa yalikuwa mengi na taa zake zilifanana. Ng'ambo tuliwakuta kina mama watano wameketi, kila mmoja na beseni lake la maandazi. Hatukuuliza ni yupi. Mwenzetu aliwasalimu mmoja mmoja, akawauliza habari za nyumbani, akanunua kwa kila mmoja, na tukayala tumesimama pale pale, na makoti yetu ya mahafali.