Jumapili ya Tabaka

Nilivuka mpaka wa Sirari mwezi Aprili 2015, nikiwa na koti la kuazima na barua ya kujitolea kwa miezi sita katika zahanati moja kusini ya mji wa Kisii. Mimi ni muuguzi, mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye joto na upepo wa bahari. Kisii iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wiki ile ya kwanza mvua ilinyesha kila alasiri bila kukosa. Migomba imepanda vilima hadi kileleni, na miji ya watu imesongamana hata hujui kijiji kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

Lugha ilinishika mapema. Siku ya tatu mtoto mmoja alilia "baba, baba!" nilipokuwa nikimchoma sindano, nami nikatoka nje kumtafuta babake. Kwa Kigusii, baba ni mama. Baba mzazi huitwa tata. Aliyekuwa akiitwa alikuwa amempakata mwanawe muda wote ule.

Kila baada ya wiki mbili tulipewa mwisho wa juma wa kupumzika, nami nilikuwa nimeahidi nyumbani kwamba nitatembea na kupiga picha. Mara ya kwanza nilifuatana na wenzangu wa kujitolea kutoka Ulaya hadi Maasai Mara. Tuliona simba, tukaona twiga, tukarudi. Ni mahali pazuri kweli, lakini kumbukumbu yake kwangu ni dirisha la gari.

Mara ya pili muuguzi mwenzangu alinialika kwao Nyamira. Tulifika Ijumaa mchana, mama yake yuko shambani, kapu mgongoni, akichuma chai: majani mawili na chipukizi, mikono miwili kwa pamoja, haraka kuliko nilivyoweza kufuata kwa macho. Alikuwa na sababu ya kuharakisha: Sabato ilikuwa inakaribia. Wasabato walijenga misheni yao Nyanchwa, pale Kisii, mwanzoni mwa karne ya 20, na leo wametapakaa Gusii nzima. Jua la Ijumaa likizama, kapu linawekwa chini na hata moto wa kupikia chakula kizito umekwisha kazi yake. Tuliwahi kituo cha kupimia majani, karani akaandika kilo zake, tukarudi nyumbani gizani tukiteleza kwenye tope jekundu. Nilijaribu kulibeba lile kapu likiwa limejaa. Nilifika nalo nusu ya njia tu.

Jumamosi tulikula chakula kilichopikwa jana yake: obokima, yaani ugali, wa wimbi, mweusi mzito, na chinsaga, mboga ambayo sisi huiita mgagani. Jumapili asubuhi tulipanda ukingo wa Manga. Chini yetu ulionekana mji wa Kisii, na mbali magharibi, ukungu ulipofunguka, mng'ao wa Ziwa Victoria. Nilipiga picha nyingi. Lakini njiani kurudi kichwa changu kilikuwa kwenye kapu. Wanawake wangapi walikuwa wamekuja kwangu na maumivu ya mgongo, nikawapa vidonge vya maumivu na kuwaambia wapumzike, bila kuwauliza wanabeba nini?

Tabaka niliiweka mwisho, kwa kuwa ilikuwa jirani na nilidhani nitakwenda kununua zawadi tu. Jiwe la Kisii, lile jiwe laini la sabuni, huchimbwa vilimani huko na kuchongwa kila kitu: sahani, viboko, ndege, familia zilizokumbatiana. Huko ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye kazi yake imewekwa makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kwa hiyo nilikwenda kwa heshima, kama aendaye mahali penye sifa.

Mvua ilianza nilipofika. Nikakimbilia kibanda cha mabati, na ndani yake nikakuta wanaume wanne wakichonga na kupiga msasa. Vumbi jeupe lilikuwa limewajaa kwenye nyusi na kope. Mmoja aliinua uso, akatabasamu, akasema, "Daktari! Leo umekuja kwetu."

Nilimtambua kwa kikohozi kabla ya sura. Alikuwa amekuja zahanati mara tatu. Tulimpima makohozi tukihofu kifua kikuu, hayakuonyesha kitu. Tukampa dawa, akarudi. Katika daftari nilikuwa nimeandika jina lake, umri, kijiji na dalili. Kazi yake sikuiandika, kwa sababu daftari halikuwa na nafasi yake na mimi sikuuliza.

Nilimuuliza pale. Alianza akiwa mtoto, kando ya baba yake. Kisha akanieleza jambo ambalo sijalisahau: siku za jua huchonga nje, chini ya mti, upepo ukachukua vumbi, siku za mvua huingia ndani na kufunga mlango ili maji yasirushwe kwenye kazi iliyokauka. Miezi ile yote nilikuwa nikiona kikohozi kikiongezeka kila mvua inapozidi, na nilikuwa nikiwaambia wagonjwa wavae nguo nzito. Nililaumu baridi. Vumbi la jiwe likivutwa miaka na miaka huacha makovu kwenye mapafu, na hakuna sweta linalolizuia.

Nyuma ya kibanda, chini ya upenu, wanawake walikuwa wakisugua sanamu kwenye mabeseni ya maji. Wao vumbi haliwasumbui sana, kwa sababu jiwe lao limelowa. Lakini walinionyesha vidole: ngozi imechanika, kucha zimelika. Mama mmoja mzee alinishika mkono, akaugeuza, akaulinganisha na wake. Hakusema neno. Nilikaa nao hadi jioni na sikutoa simu kupiga picha hata moja.

Jumatatu nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikaongeza safu moja kwenye daftari la wagonjwa wa nje: kazi. Msimamizi wetu aliitazama, akaniacha. Jumapili zangu za mapumziko zilizobaki nilizitumia Tabaka, tukizungumza juu ya kulowesha jiwe kabla ya msasa, kufungua ukuta wa upande usiopigwa na mvua, kufunga kitambaa puani. Wengine walikubali. Yule mgonjwa wangu alisema kitambaa kinamkaba akifanya kazi, ila ukuta wa nyuma wa kibanda aliung'oa mwenyewe.

Nilirudi Tanga mwezi Oktoba. Kwetu kuna mashamba ya mkonge, na kwenye korona, kiwanda cha kusindika mkonge, vumbi huwa jingi mahali singa zinapopigwa brashi. Nilikuwa nimewatibu watu wa korona kikohozi miaka sita kabla ya kwenda Kisii, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumuuliza anafanya kazi upande gani wa kiwanda. Sasa nauliza. Kila daftari jipya linapoletwa, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, nachukua rula na kuichora ile safu.