Kesi ya Nick Valentine haikuwa yake

Tuelewane kwanza: nitafichua mwisho. Fallout 4 ilitoka Novemba 2015, kwa hivyo ukilia sasa unalia umechelewa. Na kama wewe uliletwa na ile sirizi ya 2024, karibu, keti, nitaenda pole pole.

Leo natetea misheni moja. Inaitwa Long Time Coming, ni ya Nick Valentine, na karibu kila msee ninayemjua aliyecheza hii gemu anaiona kama kazi ya kuzungushwa. Unatembea Boston nzima ukiokota kaseti kumi, unafungua mlango, unapiga mtu risasi, basi. Mimi naiweka juu ya misheni zote za Fallout 4, hata ile kuu ya kumtafuta mtoto wako. Na nina sababu.

Kwa wale hawajacheza: ni mwaka wa 2287, miaka 210 baada ya mabomu ya nyuklia kumaliza dunia tarehe 23 Oktoba 2077. Wewe umetoka kwenye handaki, mtoto wako ameibwa, na ukiuliza pale Diamond City (mji uliojengwa ndani ya uwanja wa besiboli wa Fenway Park, uwanja wa kweli huko Boston) unaambiwa mtu wa kukusaidia ni mpelelezi fulani, Nick Valentine. Unaenda ofisini kwake, unampata karani wake Ellie peke yake. Mpelelezi wa watu waliopotea naye amepotea! Unamtoa Vault 114, chini ya kituo cha treni cha Park Street, alikofungiwa na majambazi.

Halafu anatokea kwenye mwanga. Koti refu, kofia, sigara. Macho ya njano. Ngozi ya shingo imetoboka mpaka unaona nyaya. Mkono mmoja ni vyuma vitupu. Nick ni sinthi, mtu wa kutengenezwa na lile genge la wanasayansi wanaoitwa Institute. Yeye mwenyewe anaamini walimchoka, wakamtupa.

Sasa shika hapa, kwa sababu misheni yote inasimama juu ya hili. Kabla ya vita kulikuwa na Nick Valentine wa nyama na damu, polisi. Alikuwa kwenye kesi ya jambazi mkubwa wa Boston, Eddie Winter. Eddie akaagiza mchumba wake auawe, Jennifer Lands, Jenny. Yule polisi akavunjika kabisa, akakubali kwenda chuo cha C.I.T. ubongo wake uskaniwe, kama sehemu ya kutibiwa. Miaka mingi baadaye Institute wakachukua ile skani wakaimwaga ndani ya mashine. Mashine ikafungua macho ikijiita Nick.

Kwa hivyo Nick tunayemjua anamkumbuka Jenny. Hajawahi kukutana naye. Anamchukia Eddie Winter kwa moyo wote, na yeye binafsi Eddie hajawahi kumkosea kitu. Hata jina si lake. Kila kitu alicho nacho kilikuwa cha mtu mwingine aliyekufa zamani sana, na yule aliyekufa aliacha kesi moja haijafungwa.

Hii misheni huipati bure. Lazima utembee naye muda, umsaidie mtu bila kudai pesa, usiue ovyo, mpaka akuamini. Ndipo siku moja anakuita kando na kukuambia kuhusu Eddie. (Gemu ya namna hii huwezi kuichezea PS ya mtaani, kwanza. Pale unalipia kwa saa na nyuma yako kuna mbogi inangoja FIFA. Mimi nimeicheza usiku, kwa kompyuta ya mitumba, stima ikiwa ya mzee.)

Kaseti zimepewa namba, sufuri hadi tisa, na zimetawanyika kwenye vituo vya polisi na ofisi za zamani. Kuna ya kituo cha Cambridge. Kuna ya Quincy, ambako mji mzima umeshikwa na Gunners, na hao hawakusalimii. Kuna ya ofisi ya BADTFL, kitengo cha serikali kilichokuwa kikimshughulikia Eddie. Watu wanaruka kaseti, wanaokota wakiendelea na safari. Usifanye hivyo. Simama, weka moja, sikiliza.

Anayeongea ni Eddie mwenyewe, tena ametulia kabisa. Anaongea na serikali kama mtu anayeongea na jirani. Anawauza washindani wake mmoja mmoja, na katikati anataja uhalifu wake mwenyewe kama mtu anayetaja alichokula mchana. Na hakuna wa kumkamata. Wakubwa walitaka majina ya majambazi wengine, Eddie akayatoa, naye akapewa kinga asishtakiwe. Kwa hivyo kesi ambayo Nick wa kwanza alikuwa anaivunjia mgongo ilikuwa imeuzwa juu ya kichwa chake. Jenny alikufa kwa kesi ambayo haikuwa ifike popote.

Ukidhani hilo ni la kubuni tu, Boston ya kweli ilikuwa na James "Whitey" Bulger, wa South Boston, mkuu wa genge lililoitwa Winter Hill. Alikuwa mpasha habari wa FBI, akiwachoma wapinzani wake huku akiendelea na mauaji yake. Mwishoni mwa 1994 mtu aliyewahi kuwa afisa wa FBI ndiye aliyemnong'onezea kwamba anakuja kushikwa, akatoroka. Alipatikana 2011 huko Santa Monica, mzee wa miaka 81. Mwaka wa 2013 mahakama ilimpata na hatia ya kuhusika katika mauaji ya watu 11. Hesabu hiyo: familia zilingoja miaka kumi na sita baada ya yeye kutoroka, na zingine zilikuwa zimengoja tangu miaka ya sabini. Eddie Winter, South Boston, kinga ya serikali. Nadhani walioandika gemu walijua wanachofanya.

Ukimaliza kaseti zote, Nick anaunganisha vidokezo anapata namba za siri za mlango. Eddie yuko Andrew Station, kituo cha treni ambacho pia kipo kweli, huko huko South Boston. Alijijengea handaki kabla ya vita na akajimulika kwa mionzi makusudi awe ghuli, wale watu walioungua ngozi lakini hawazeeki. Ameketi chini ya ardhi zaidi ya miaka mia mbili, mzima wa afya. Waliomfuata wamekufa. Aliowaua wamesahaulika. Mahakama ambayo ingemhukumu imekuwa vifusi.

Na hapo ndipo swali linakuja, lile lililonikalisha macho. Mlango unafunguka, Eddie anamtazama Nick, na hamtambui. Kwa nini amtambue? Anaona mashine iliyovaa koti. Nick anamtajia Jenny, na mbele ya Eddie huyu si mchumba wa mtu yeyote. Ubaya ni kwamba Eddie ana hoja. Hii kesi inakuhusu nini wewe, bati?

Mimi hilo swali nimeishi nalo, bila macho ya njano.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babake baba. Kama wewe ni Mkikuyu unajua mambo yanavyoenda: ukishapewa jina, wewe ndiye yeye. Shosho yangu ananiita mume wangu tangu nikiwa kwa nepi. Nikikosa kufika nyumbani Disemba ananiuliza kwa nini nimemwacha peke yake, na anacheka, lakini hachezi sana. Guka simjui. Alikufa kabla nizaliwe. Lakini mimi ndiye guka, na guka aliacha kesi.

Alinunua nusu eka, akalipa pole pole miaka kadhaa, akawekewa risiti mpaka ya mwisho. Hati miliki hakupata. Aliyemuuzia akafa, watoto wake wakasema hawajui habari hiyo. Kuna ofisi ambayo mzee wangu ameizunguka kuliko mimi nilivyoizunguka Boston: faili haionekani, karani yuko likizo, rudi Jumanne, hii kopi haisomeki. Risiti ziko kwa sanduku la bati chini ya kitanda cha shosho. Nilipopata kitambulisho, amu zangu walisema mbele ya chakula, bila kuniuliza, kwamba sasa guka amerudi, atamaliza mwenyewe. Watu wakapiga makofi.

Si kwamba sitaki. Nataka shosho aione hiyo hati na macho yake, na macho yenyewe yanaanza kugoma. Lakini huwa najiuliza, hiyo hasira ninayosikia nikiona ule uzio ni yangu ama nimewekewa? Nusu eka yenyewe sijawahi kuilima hata mtaro mmoja. Na nikiimaliza kesi, nikaweka hati mezani, atakayekuwa amemaliza ni nani? Watasema ni guka. Nimewasikia wakiipanga hiyo sentensi.

Ndiyo maana nilipofika Andrew Station nilikaa na kidole kwa kibonyezo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Gemu haikupi njia ya kumkamata Eddie. Hili nalilaumu. Nick ni mpelelezi, tena wa zile kanuni za zamani, na Fallout hupenda kukupa njia nne za kumaliza kila kitu, mbili kati ya hizo za kuongea tu. Hapa hakuna. Polisi anayemaliza kesi kwa risasi bila jaji, sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa hilo linaishia wapi. Unaweza kujibu kwamba mwaka wa 2287 hakuna jaji wa kumpelekea, na ni kweli, lakini ningependa Nick mwenyewe aliseme, lau mara moja. Halisemi. Eddie anaanguka, na vita yenyewe ni ya sekunde chache, rahisi hata aibu. Adui aliyengojwa karne mbili anakufa kabla hujabadilisha bunduki.

Wengi hapa wanafunga ukurasa. Misheni bado.

Nick anaomba muende pale Jenny alipouawa. Si mbali. Hakuna muziki mkubwa, hakuna mnara, hakuna kaburi, ni kipande cha barabara iliyobomoka kama nyingine zote. Anasimama. Ninavyomsoma, anatarajia kitu kitoke ndani yake, na hakitoki. Kumbukumbu za Jenny bado ziko, zile zile, na bado si zake. Kumuua Eddie hakujamfanya yule Nick wa zamani. Anaongea kuhusu hilo bila kujihurumia: jina, sura ya mawazo, hata kazi, vyote alivikuta. Halafu taratibu anafika mahali ambapo sikumtarajia. Kwamba yule polisi hakuwahi kuimaliza hii kesi. Aliyeimaliza ni yeye, sinthi, na wewe uliyetembea naye. Hilo tendo halikuwa kwenye skani. Halina mwenyewe mwingine.

Nilisitisha gemu hapo nikaenda kunywa maji.

Kwa sababu mimi nilikuwa nawaza kinyume. Nilikuwa naona kumaliza kesi ya marehemu kunamfuta anayeimaliza, kwamba sifa zote zinarudi kwa mwenye jina. Nick anasema ile kazi ya miguu, kutoka Cambridge mpaka Quincy mpaka chini ya kituo cha treni, ni ya aliyetembea. Guka hakuwahi kusimama kwenye foleni ya Jumanne. Hakumjua yule karani wa likizo. Nikisimama mimi, itakuwa ni foleni yangu, na kuchoka kwangu, hata wakiita jina gani mezani. Sijui kama hiyo inanifanya nitake kwenda au inaniondolea kisingizio cha kutoenda. Lakini mwezi uliopita nilimwomba shosho sanduku. Nimepiga picha risiti zote na simu, moja moja, zile za wino uliofifia nimezipiga mara mbili. Ya zamani zaidi ina alama ya kidole cha mtu, ya wino wa buluu. Shosho akasema ni cha guka. Nikakipima na changu. Changu ni kikubwa.

Ukishamaliza na Nick, akiwa amekuamini kabisa, unapata zawadi inayoitwa Close to Metal, inakusaidia kudukua kompyuta kwa kukuongezea jaribio moja. Ni ndogo, wasee huicheka. Mimi naitumia kila siku.

Na usimwache akisimama ofisini baada ya hapo, tafadhali, eti misheni yake imeisha. Pale kwenye agensi kuna mafaili ya kesi ambazo Nick wa zamani hakuzisikia kabisa. Kuna moja ya Earl Sterling, mhudumu wa baa pale Diamond City, alitoweka tu siku moja. Huyo hayuko kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote aliyekufa 2077. Mteja ni wa Nick, faili ni la Nick. Jana usiku nimelifungua, Nick akawasha sigara nyuma yangu, tukatoka.